Kofia ya Timotheo

Harufu ndiyo iliyotangulia kumpokea Raheli. Hata kofia hajaigusa, ikamjia pale aliposimama, harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi ikasahaulika sandukuni.

"Vua," alisema.

"Tusalimiane kwanza, mwenzangu. Nimekungoja tangu saa tatu."

"Tumeshasalimiana. Vua kofia, Timotheo."

Timotheo alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka jambo lipite. Alikuwa ameketi juu ya gogo la mwangati kando ya kijito, hatua chache kutoka kambi ya wapasua mbao, na unga wa mbao ulikuwa umemjaa mabegani mpaka kwenye kope. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa shimoni. Mwenzake husimama juu ya gogo, yeye chini, msumeno ukipanda na kushuka katikati yao, na kila msumeno ushukapo unga wote humwagikia yeye. Wakinga wenzake waliotoka naye Makete walimtania kwamba siku atakayokufa watampasua wapate mbao mbili.

Akaivua. Ilikuwa kofia nene ya sufu, na haikutoka kwa hiari.

Raheli alizunguka nyuma yake, akainua misokoto ya nywele kisogoni kwa vidole viwili, akaiminya.

"Kuna nini?"

"Inawasha?"

"Kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili. Tatu labda. Sikutaka kukuhangaisha, maana unavyohangaika tayari kwa ajili ya Jumamosi..."

"Mficha maradhi!" Raheli alimkatiza. "Imeoza, Timotheo. Huku nyuma imeoza ndani kwa ndani. Nikiminya inatoa maji meusi. Leo Alhamisi. Keshokutwa Mzee Abrahamu anakupelekea barua ya posa kwa baba, nawe utakuwa umekaa naye pale sebuleni, na kichwa kinanuka kama gunia la viazi vilivyopigwa mvua!"

Hapo akakaa chini kwenye majani yenye umande, akajishika kichwa. Alikuwa na haki ya kuogopa, na aliogopa hasa. Baba yake, Mwinjilisti Sefania, alikuwa amemwona Timotheo mara nyingi, lakini siku zote katika kofia. Kila Jumapili kijana alisikiliza ibada akiwa nje, amesimama dirishani, kwa kisingizio kwamba anawahi shimoni. Juzi wakati wa chakula Mwinjilisti alikuwa ameweka kijiko chini, akasema bila kumtazama mtu: "Huyu Mkinga anaficha nini? Kama ni mapunye, nitamtafutia dawa. Kama ni yale ninayoyasikia gulioni, kwamba amefuga nywele zikashikana kama za mganga wa porini, barua yake itarudi naye. Na wewe Raheli utakwenda kukaa kwa shangazi yako Bumbuli mpaka akili ikutulie."

Ndiyo hiyo Jumamosi. Na ubaya wa mambo, zile nywele alizianzisha Raheli mwenyewe.

Miezi minane nyuma Timotheo alishuka Lukozi siku ya gulio, ametoka msituni ambako kwa majuma kumi na mawili hakuona kitana wala kioo. Alikuwa anatafuta kinyozi. Raheli alikuwa amekaa penye kona ya kabichi, akisuka wateja wake kama kawaida. Akamtazama yule kijana mrefu, nywele zimejishika mafungumafungu, akasema kwa utani: "Kaka, usizinyoe. Zimeshaanza zenyewe, zinataka mtu wa kuzipanga tu." Timotheo alikuwa amewaona makuli wa bandari ya Tanga wenye nywele za rasta, wakicheza ule muziki wao mpya wa rege, na moyo wake ulikuwa umependa. Akauliza: "Mtu mwenyewe yuko wapi?" Raheli akatazama chini. Basi ikawa hivyo.

"Ulizitia nini mwezi uliopita?" Timotheo aliuliza sasa, taratibu. "Silaumu. Nauliza tu."

"Nta."

"Nta ya nyuki?"

"Nilimwona fundi viatu anapaka uzi wake nta ili usifumuke. Nikaona nywele nazo ni uzi. Zilikuwa zinafumuka, na mimi nilitaka zikae vizuri, uonekane mtu." Machozi yalimtoka. "Nta imeshika unga wa mbao. Unga umenywa maji. Ukungu wa Julai wote huu, na wewe kofia huvui mchana wala usiku kwa sababu ya baba yangu. Zitakauka saa ngapi? Mimi ndiye niliyekuozesha kichwa."

Timotheo akainuka, akaenda kambini, akarudi na mkasi mkubwa wanaokatia kamba. Akauweka mapajani mwa Raheli, akakaa mbele yake akiwa amempa kisogo.

"Kata," alisema.

"Nini?"

"Kata zote. Jumamosi nitaingia kwa baba yako kichwa cheupe kama yai. Hakuna harufu, hakuna maneno."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Raheli aliushika mkasi kwa mkono wa kushoto, maana yeye ni mashoto, akauweka kwenye msokoto wa kwanza juu ya sikio. Akahesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Mkasi haukufunga.

"Mbona hukati?"

"Na wewe mbona unatetemeka?"

Timotheo aliongea na kijito. "Mama yangu alifariki nina miaka tisa. Tangu hapo, Raheli, sikushikwa kichwa na mtu. Kinyozi anakigeuza kama boga. Siku ile gulioni uliponishika, nilifumba macho nikaona aibu, mwanamume mzima, machozi yananilengalenga mbele ya makabichi. Misokoto hii ni mikono yako. Lakini nikichagua kati ya mikono yako na wewe mwenyewe, nakuchagua wewe. Kata, tumalize."

Raheli alimpenda mtu huyu kupita alivyojua jana. Akaurusha mkasi majanini.

"Koka moto," alisema. "Bandika debe la maji. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Kisha akafungua pindo la khanga yake, akatoa kitu kilichoviringishwa katika jani la mgomba. Timotheo alikodoa macho. Nusu mche wa sabuni! Vita na yule nduli vilikwisha mwaka jana lakini sabuni haikurudi. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi, viberiti na subira.

"Umeipata wapi?"

"Usiniulize."

"Raheli."

"Ni ya mama. Aliiweka kwa ajili ya kanzu ya baba ya ibada. Nimeichukua asubuhi. Nilijua kichwa chako kitakuwa na taka ya mbao, sikujua kama ni hivi. Sasa inama, na usiniongeleshe, nisije nikalia tena."

Ilikuwa kazi ya saa nne. Alichovya ncha za misokoto katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, michache kwa michache, nta ikalainika, akaikamua kwa kitambaa, akapaka sabuni, akakamua tena mpaka maji yaliyotoka yakawa meupe. Msokoto mmoja wa kisogoni haukuokoka. Ulikatika wenyewe mkononi mwake, ndani mweusi. Ikabaki thelathini na tisa. Ngozi iliyokuwa imechubuka aliipaka utomvu wa shubiri, akaipuliza kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

"Kuanzia leo nta marufuku," alisema huku anakamua. "Mafuta ni matone ya nyonyo, kwenye ngozi, si kwenye msokoto. Unaosha kila wiki ya pili. Ukiosha hufuniki mpaka zikauke, hata kama mfalme anapita. Shimoni funga kitambaa chepesi, jioni unakivua unazikung'uta. Na ukiona miwili imeanza kushikana shinani, iachanishe kwa vidole siku hiyohiyo, usingoje."

"Na nikisahau?"

"Utakumbushwa na mkeo." Neno lilimtoka kabla hajalishika. Timotheo akageuka akamtazama, na mtazamo ule Raheli alirudi nao nyumbani.

Jua halikutoka. Alifunga kazi kwa haraka, mikono imekufa ganzi, akigawa mashina upya na kusokota kila mmoja kutoka kwenye ngozi, taratibu asivute. Akili yake haikuwapo pale. Ilikuwa Jumamosi, sebuleni kwa baba yake. Mikono ikaachwa ifanye yenyewe ilivyozoea.

*

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umeteremka mpaka mlangoni. Raheli alikuwa jikoni na mama yake, kama inavyotakiwa. Msichana anayeposwa hakai sebuleni. Jiko na sebule vilitenganishwa na pazia la kitenge, na pazia lilikuwa na tundu.

"Unamenya kiazi hicho mpaka kitakwisha," mama alisema.

"Samahani, mama."

Mama alimtazama. Tangu Alhamisi alikuwa hajasema lolote juu ya sabuni. Alikuwa ameifua ile kanzu kwa maji ya majivu, akaianika mbele ya moto, kimya. Ukimya wa mama yake ulimkondesha Raheli siku mbili nzima.

Hodi ikapigwa. Mzee Abrahamu, msimamizi wa wapasua mbao, ndiye aliyekuwa mshenga. Baba wa Timotheo alikuwa mbali Makete na hakuweza kusafiri.

"Onga mshi, mgosi," Mwinjilisti Sefania alimlaki mzee mwenzake kwa Kishambaa.

"Shikamoo, Mzee," Timotheo alisema.

"Marahaba. Kaeni."

Raheli akachungulia. Timotheo alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na ile kofia ya sufu imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Mzee Abrahamu alikohoa, akatoa bahasha mfukoni.

"Ngoja, mzee mwenzangu," Mwinjilisti alisema. "Katika nyumba hii neno la kwanza ni sala. Tusimame."

Wakasimama. Mzee Abrahamu akavua kofia yake ya kiua. Timotheo hakusogea. Raheli jikoni alishika kisu kwa nguvu mpaka kidole kikauma.

"Kijana," Mwinjilisti alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kuogofya, "hapa hakuna dirisha la kusalia nje."

Timotheo akavua.

Sala haikusaliwa. Mzee Abrahamu, ambaye alijua, alitazama dari. Mwinjilisti alisimama kama mtu aliyesikia taarifa ya msiba, kisha akaingia chumbani, akarudi amevaa miwani. Kabla ya kuitwa katika kazi ya Bwana alikuwa amefundisha shule miaka kumi na mitano, na kila Jumatatu alikagua vichwa vya watoto kutafuta chawa.

"Kaa. Inamisha kichwa."

Timotheo aliinamisha. Mwinjilisti akashika msokoto wa kwanza kwa ncha ya vidole, kama mtu anayeshika mkia wa panya. Akaunusa. Akashika wa pili. Akatenganisha mashina, akatazama ngozi. Alikwenda hivyo polepole, na kadiri alivyokwenda vidole vyake viliacha kuogopa.

"Hakuna chawa," alisema, karibu kwa masikitiko. "Nilijiandaa kukuta chawa."

"Hapana, Mzee."

"Ngozi safi. Kidonda kimoja, kimetiwa shubiri." Alikuwa ameinama karibu zaidi, anafuata kitu kwa kidole kwenye ngozi ya kichwa, kutoka juu ya sikio, kuzunguka, kurudi utosini. Kisha akashika msokoto mmoja akaukagua kutoka shinani hadi nchani. Akashika mwingine. Akaweka miwani sawa.

"Nani alikutengenezea nywele hizi?"

"Rafiki, Mzee. Kule kambini."

"Mkinga?"

"Ndiyo, Mzee."

"Rafiki yako Mkinga," Mwinjilisti alisema, "naye ni mashoto?"

Jikoni, Raheli akaona kosa lake lote kwa mara moja. Njia za kichwa alizozigawa Alhamisi, akili ikiwa kwingine, zilikuwa njia zake. Lukozi nzima ilizijua. Wasusi wote huanzia kulia wakazungukia kushoto. Yeye peke yake huanzia kushoto, na kila anachokisokota hukizungushia upande wake. Wanawake gulioni wakiona kichwa husema, huu mkono wa Raheli. Na baba yake aliujua kuliko wote, maana ndiye aliyepigana nao. Samaki mkunje angali mbichi, alikuwa akisema, na miaka miwili mizima alimfunga mkono ule kwa utepe mezani ili aandikie wa kulia kama watoto wa watu. Mkono haukukunjika.

"Nakuuliza, kijana."

"Mzee..." Timotheo aliinua kichwa. "Kosa ni langu peke yangu. Nipe mkasi. Nitazikata hapahapa mbele yako, na yasimfikie mtu mwingine."

"Sikukuuliza habari za mkasi. Nimekuuliza mkono."

Raheli alimgeukia mama yake. Alitaka aambiwe akae. Alitaka kushikwa. Akinyamaza, Timotheo atatoka pale mwongo na barua yake mkononi. Akisema, atakuwa amejitangaza mbele ya mshenga kwamba alimshika mwanamume kichwa msituni kabla ya posa, na Bumbuli ni kesho asubuhi.

Mama alichukua sinia la chai akampa. "Kanzu ya baba yako imetakata hata bila sabuni," alisema kwa sauti ya chini. "Nenda. Chai inapoa."

Raheli alipita pazia. Akaliweka sinia mezani, akapiga goti.

"Shikamoo, Mzee Abrahamu."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba," alisema, na hakuinua macho, "rafiki huyo hayupo. Ni mimi. Nilizianzisha mimi, nikaziharibu kwa nta, na Alhamisi nikaziosha kwa sabuni ya kanzu yako. Yeye alitaka kuzikata tangu siku ile. Mimi ndiye niliyekataa."

"Kwa nini ulikataa?"

"Kwa sababu nampenda, baba."

Hakuna binti aliyewahi kutamka neno hilo katika sebule ile. Mzee Abrahamu alitafuta dari tena. Timotheo alifumba macho.

"Lete mkono," Mwinjilisti alisema.

Raheli akanyoosha wa kulia.

"Ule mwingine."

Akanyoosha wa kushoto. Baba yake akaushika, akaugeuza, akautazama kama anausoma. Vidole vilikuwa bado vyekundu kwa maji ya moto, na kwenye kifundo kulikuwa na alama nyembamba ya zamani, ya utepe. Aliitazama alama ile muda mrefu. Raheli aliona taya lake likicheza, hakujua kama ni hasira.

"Miaka minane ya mahubiri," Mwinjilisti alisema hatimaye, "sijapata kuona nywele za namna hii nikazipenda, na hizi sizipendi. Msiseme nimezipenda." Akavua miwani. "Lakini nilimwuliza mwanamume akadanganya kumsitiri binti, nikamwuliza binti akasema kweli kumwokoa. Sasa nimfukuze nani?"

Aliuachia mkono wa Raheli, akaweka kiganja chake kizima juu ya kichwa cha Timotheo, kisogoni. Akakunja uso.

"Huku nyuma bado kubichi."

"Jua halikutoka, baba," Raheli alinong'ona.

"Na utamfunika tena kofia ya sufu juu ya ubichi huu? Ndivyo mlivyoozesha mara ya kwanza." Akaivuta kofia kutoka mapajani mwa Timotheo, akaitundika kwenye msumari wa mlangoni, pale zinapotundikwa kofia za watu wa nyumbani. "Kijana, sogea jikoni karibu na moto. Mama yake yuko hukohuko. Mzee Abrahamu, lete hiyo barua, tuisome wawili."

Timotheo alisimama. Raheli akachukua kitambaa kikavu begani mwake ili amkaushe nywele, na kwa mazoea ya miaka akakihamishia mkono wa kulia, kama afanyavyo siku zote baba yake anapomtazama.

"Raheli," Mwinjilisti alisema, macho yakiwa kwenye bahasha.

"Abee, baba."

"Shika kwa mkono wako. Kazi iliyoanzwa kwa kushoto itamalizwa kwa kushoto."